Sigara za Giyanto

"Kadi imekufa, mama," alisema binti wa dirisha namba nne, akairudisha kadi ya matibabu ya Mbah Kasinem kwa kuisukuma na ncha ya kalamu, kama kitu chenye ukoko.

"Imekufaje?" aliuliza Lestari. "Jumatatu ilikuwa hai."

"Jumatatu ilikuwa Jumatatu. Leo ni Alhamisi, na mfumo unasema imesitishwa."

"Nani kaisitisha?"

"Mfumo."

Siku hizi katika nchi ile hakuna mtu anayetenda ubaya. Ukinyimwa dawa, ni mfumo. Ukikosa mchele, ni mfumo. Wenye viti wamekaa palepale kwenye viti vyao, wananenepa, na mikono yao ni safi.

Mbah Kasinem alikuwa kwenye kiti cha magurudumu, miguu imevimba hadi alama za ndala zimebaki kwenye ngozi. Figo zake zilikwishagoma mwaka wa tatu sasa, na mara mbili kwa wiki aliletwa hapa kusafishwa damu kwa mashine. Lestari, mkamwana wake, alizoea kumsukuma. Darsono alizoea kubeba kapu la shuka na chupa ya chai. Darsono alikuwa mgane wa Wartini, binti mkubwa wa Mbah, na tangu Wartini afariki aliendelea kuishi katika chumba cha mbele cha nyumba ya mama mkwe wake, akipiga fotokopi na kutengeneza kadi za mwaliko wa harusi za mtandaoni. Kwa sababu hiyo pale nyumbani walimhesabu mtaalamu, na panapotajwa kompyuta husukumwa mbele.

"Mas, zungumza naye wewe," Lestari alimnong'oneza, akimwita kama aitwavyo kaka mkubwa.

Darsono akainama kwenye tundu la kioo. "Dada, naomba uangalie sababu. Lazima pana sababu."

Binti akabofya mara mbili, akasoma kwa sauti ya kutangaza namba ya foleni. "Imetoka ofisi ya kata yenu. Kaya imeondolewa kwenye orodha ya maskini. Mkuu wa kaya, Giyanto. Sababu: matumizi. Sigara kumi na mbili kwa siku."

Lestari akacheka kweli, mpaka watu wa foleni wakageuka. "Giyanto yupi huyo? Mume wangu mimi? Dada, mume wangu hata moshi wa kuni unamkohoza!"

Darsono hakucheka. Ile kumi na mbili aliijua kama mtu anavyolijua koti lake mgongoni mwa mwingine.

"Mkitaka leo mnaweza kulipa taslimu," alisema binti. "Laki tisa na nusu kwa mara moja. Anayefuata!"

Wakamgeuza Mbah kuelekea mlangoni. Yule bibi masikio yalikuwa mazito, hakusikia lolote. Akainua uso wake mpana, akafurahi.

"Tumemaliza tayari? Leo wamefanya upesi kweli."

Lestari akasukuma kiti hadi nje.

*

Ile kumi na mbili ilitoka kwenye ukurasa wa mtandao ulioanza kama mchezo. Ratri, binti pekee wa Darsono, anayechomelea vipande vya simu kiwandani Batam, ndiye aliyemchokoza. "Baba, si wewe unatengeneza kadi za maharusi? Jitengenezee na ya sigara basi. Kila ukivuta, bonyeza. Mimi nitakuwa naangalia huku." Wartini alikuwa amemwachia mumewe neno moja tu kwenye kitanda cha mauti, kwamba apunguze. Basi Darsono, aliyeishia darasa la tisa na kujifunza kazi kwa kunakili kurasa za watu, akakaa wiki tatu akihangaika. Kitufe kimoja chekundu. Ukigusa, hesabu inapanda. Chini yake mstari mdogo unaopanda na kushuka kama kilima. Aliupenda kuliko kadi yoyote ya harusi aliyowahi kulipwa.

Wanaume wa kibanda cha ulinzi wa mtaa wakauona, wakamcheka, kisha wakataka nao waingizwe. Wakafika kumi na wanne, kila mmoja na safu yake na jina lake. Giyanto, mdogo wake marehemu Wartini, kibarua wa kubeba mchanga, hakuwa mvutaji, lakini angeachwaje nje na ukurasa ni wa nyumbani kwao? Safu yake ikakaa na sifuri.

Darsono alijiwekea mwisho sigara tano kwa siku. Siku moja alasiri, wamekaa barazani na vikombe vya kahawa, akajikuta amewasha ya sita. Kidole kikasimama juu ya kitufe.

"Ratri ataiona hii," alisema.

"Weka kwangu, Mas," alisema Giyanto. "Kwangu kuna nafasi."

Wakacheka wote wawili. Darsono akaiweka. Asingeweza kuivuta bila kuihesabu. Alijisifu kwamba ukurasa wake hausemi uongo, kila sigara imo, hata moja haikupotea. Kilichokuwa si kweli ni jina tu. Kesho yake akaweka tatu. Giyanto hakusema kitu, kwa maana shemeji mkubwa humwambii amekosea, na tena umemkaribisha mwenyewe. Miezi mitano ikapita. Safu ya Darsono ikawa na sigara mbili kwa siku, mstari umelala kama maji ya bakuli. Na kila jioni kutoka Batam: Mbili tena! Mama angefurahi, Baba.

*

Pak Hartoyo, balozi wa mtaa wao, alikuwa akipaka rangi nyeupe vyungu vya maua nje ya nyumba yake. Jumatatu walikuwa wanakuja waamuzi wa mashindano ya mitaa ya kidijitali. Alipomwona Darsono akaweka brashi chini na kumshika bega.

"Dar! Mtu wangu! Bu Retno wa kata kaipenda sana kazi yako. Kasema kata nzima hakuna mtaa wenye takwimu kama zetu."

"Takwimu zipi, Pak?"

"Za sigara! Zile ulizonichapishia mwezi uliopita, siku ile ulipoleta na ile karatasi ya rangi." Darsono alikumbuka. Hakuombwa rangi. Alichapisha kwa rangi kwa ajili ya majivuno yake. "Mtendaji wa kata kaweka kanuni yake: anayevuta zaidi ya kumi kwa siku, huyo si maskini, fedha anazo. Watatu wameondoka kwenye orodha. Sasa nafasi zimepatikana."

"Mmoja ni Giyanto."

"Najua. Limenigusa, ni jirani. Lakini data, Dar! Data haina undugu." Akachomoa sigara kutoka mfukoni, akaiwasha. Safu yake pale ukurasani ilikuwa na ishirini kwa siku, lakini yeye hakuwa kwenye orodha ya maskini, kwa hiyo ishirini zake zilikuwa ni ishirini tu.

"Mbah leo amerudishwa kutoka hospitali. Hakusafishwa."

"Masikini. Basi Giyanto apunguze! Mwezi wa tatu kuna kikao cha kupitia majina upya."

"Mbah hafiki mwezi wa tatu, Pak. Hafiki wiki ijayo."

Hapo ndipo lilipokuwa neno, kwenye ulimi kabisa. Angesema: zile ni zangu. Maneno matatu. Badala yake akajisikia akisema, "Labda niufute ule ukurasa."

"Uufute!" Pak Hartoyo alikunja uso. "Jumatatu waamuzi wanakuja, wewe ufute? Usinitie aibu, Dar. Na hata ukifuta, kata wana karatasi yao. Ya rangi."

Akamsindikiza mpaka kona, akampa sigara moja ya njiani. Darsono akaipokea. Alikuwa ameivuta nusu alipogundua kwamba simu iko mkononi na kidole kinatafuta safu ya Giyanto.

*

Jioni ile Lestari alimpimia mama mkwe wake maji kwa kikombe cha dawa. Mtu asiyesafishwa damu hatakiwi kunywa, maji hayana pa kutokea. Mbah aliegemea mito mitatu kwa sababu akilala chali pumzi zilimkata.

"Niongezee kidogo," aliomba. "Koo limekauka kama godoro lililoanikwa juani."

"Bado saa moja, Mbah."

"Unaninyima maji nyumbani kwangu?"

"Nakunyima, ndiyo," alisema Lestari, akageuza uso.

Giyanto alirudi kutoka kazini saruji imekauka kwenye nyusi. Alielezwa yote akiwa amesimama. Akanawa miguu bombani, polepole, mmoja baada ya mwingine. Darsono akamfuata kule.

"Giyanto. Kesho naenda kata. Nitasema."

"Usiseme, Mas."

"Yule ni mama yako!"

"Ndiyo, ni mama yangu. Nitakopa kwa msimamizi wangu, tulipe mara moja hii, halafu tutaona." Alisema akiangalia miguu. "Wewe una jina hapa mtaani. Watu wanakuletea harusi zao. Mimi ni mbeba mchanga, nikiitwa mvutaji nitapungukiwa nini?"

Laiti angemtukana. Darsono alikaa pale bombani akingoja tusi lolote, hata dogo, na kijana akafunga maji, akamwomba radhi kwa kumpita mbele, akaingia ndani.

Msimamizi, aliyefuatwa usiku uleule, hakukopesha. Alimwambia Giyanto kwamba na yeye amesikia habari za sigara kumi na mbili.

*

Ijumaa ofisi ya kata hufungwa mapema kwa ajili ya sala, kwa hiyo saa mbili na nusu asubuhi benchi lilikuwa limejaa. Walikuwa wamekwenda watatu, Darsono, Lestari na Giyanto, wakamwacha Mbah na jirani. Pumzi zake zilikuwa zimeanza kulia kama mlango.

Bu Retnowati, yule Bu Retno wa kata, afisa ustawi, alikuwa na kitambaa cha kichwani cha rangi ya zambarau na kompyuta mbili, moja imefunikwa nailoni bado. Nyuma yake mlango wa mtendaji ulikuwa wazi nusu. Mwenyewe hayupo, lakini sahani yake ya majivu ipo, imejaa vipisi hadi vingine vimeanguka mezani.

"Nimekuja kurekebisha, Bu," alianza Darsono. "Zile sigara kumi na mbili za Giyanto. Si zake."

"Sema kwa sauti, Pak. Feni inapiga kelele."

"Si zake. Ni zangu."

Benchi zima likamgeukia.

"Zako vipi? Jina ni lake."

"Nilikuwa navuta mimi, naandika kwake. Ili zangu zionekane chache."

"Kwa nani?"

"Kwa mwanangu."

Mtu mmoja kwenye benchi akaguna kicheko. Bu Retnowati akavua miwani, na hapo Giyanto, aliyekuwa amesimama mlangoni kwa sababu ya viatu vichafu, akasogea hatua mbili.

"Hapana, Bu. Mas Darsono ananihurumia tu, anataka kunibebea. Zile sigara ni zangu mimi. Nimezoea tangu ujana."

Wazee wa benchi wakatikisa vichwa kwa kuridhika. Shemeji wanaopendana hivi! Wako wapi siku hizi? Na kwa pumzi moja, pumzi moja tu, Mungu amsamehe, Darsono alifurahi. Alishaona mlango umefunguliwa na mtu mwingine. Angeweza kukaa kimya na watu wangemsifu. Angerudi chumba cha mbele na jina lake zima, na mstari wake umelala vilevile.

"Sasa ni nani mvutaji?" aliuliza Bu Retnowati. "Maana mimi siandiki tamthilia hapa."

"Mimi," alisema Giyanto.

"Nyamaza!" Sauti ilitoka kwa Lestari, na haikuwa sauti ya mwanamke wa mtaa ule mbele ya afisa. "Nyamazeni wote wawili! Mnatunziana haya, mama anavimba! Mmoja anaona aibu kusema, mwingine anaona aibu kusemewa, na kule nyumbani mtu anahesabu pumzi!" Akamkamata mumewe mkono, akauburuta hadi mezani, akauweka juu ya makaratasi. "Nusa, Bu. Nusa vidole vya mume wangu. Saruji hiyo. Nusa!"

"Bu, tafadhali…"

"Na hivi." Akaushika mkono wa Darsono bila heshima yoyote, mkono wa shemeji mkubwa, akauinua juu kama wa mwizi aliyefumaniwa. Kidole cha shahada na cha kati vilikuwa vya manjano hadi kwenye kucha. "Na hivi navyo ni vya nani?"

Benchi zima likacheka sasa, bila kujificha. Bu Retnowati hakunusa. Alitazama vidole vile muda mrefu, naye akawa na uso wa mtu aliyepewa kazi ya ziada siku ya Ijumaa.

"Mas," alisema Giyanto kwa sauti ndogo, "nisamehe."

Aliombwa radhi yeye. Ndicho kilichomshinda Darsono.

"Ni zangu, Bu," alisema kwa sauti iliyofika hadi nje. "Kumi na mbili kwake na mbili kwangu. Jumla kumi na nne. Kijana huyu hajavuta hata moja. Niandikie popote, nitasaini."

Aliandikiwa. Karatasi ilitaka stempu, stempu ikanunuliwa dukani ng'ambo ya barabara. Afisa alimsomea, Darsono akaandika kwa mkono: Mimi Darsono nakiri kupotosha takwimu za serikali.

"Ukurasa ni wangu, Bu. Wa mchezo tu. Umekuwa wa serikali tangu lini?"

"Tangu ulipotumika. Andika."

Ilitakiwa pia sahihi ya balozi. Pak Hartoyo aliitwa kwa simu, akaja na rangi nyeupe kwenye mikono. Aliposoma alimvuta Darsono pembeni ya kabati.

"Waamuzi Jumatatu, Dar. Jumatatu! Huwezi kungoja Jumanne?"

"Sema hivyo kwa sauti, Pak," alisema Darsono. "Feni inapiga kelele."

Pak Hartoyo akatazama benchi. Benchi nalo lilikuwa linamtazama. Akasaini, akisukuma kalamu kama anayechanja nyama ngumu, akaondoka bila kumuaga mtu.

"Ya Mbah nafungua kwa dharura," alisema Bu Retnowati, akibofya. "Miezi mitatu, halafu kikao kitaamua. Leo mashine zimeshajaa, nendeni kesho saa moja. Na wewe, Pak Darsono, nawe uko kwenye orodha ya maskini. Kumi na nne kwa siku zinakutoa. Unaelewa."

"Naelewa."

"Kanuni si zangu."

"Najua, Bu. Ni za mfumo."

Alimtazama kama asiyejua kama ametukanwa. Nyuma yake upepo wa feni uliinua majivu kidogo kutoka ile sahani ya mtendaji, ukayashusha palepale. Hakuna aliyemwambia Giyanto pole. Hakuna aliyeuliza wale wengine wawili walioondolewa walihesabiwa namna gani.

*

Jumamosi saa moja kamili Mbah Kasinem aliunganishwa na mashine. Usiku ule mmoja wa kungoja ulikuwa umemla. Midomo ilikuwa ya bluu, na muuguzi alimwambia Lestari, bila kulainisha, kwamba wangechelewa siku moja zaidi asingeona haja ya kutandika kitanda. Saa nne mfululizo damu ilitoka na kurudi. Lestari na Giyanto walikaa upande huu na upande ule, kila mmoja na mkono wake wa kushika. Kiti cha tatu hakikuwepo, wala hakuna aliyekitafuta.

Darsono alikaa kwenye korido. Asubuhi ile Lestari alikuwa amemwekea kahawa yake kama kawaida, mahali pake, na sukari yake. Hakumwangalia tu.

Akatoa simu. Ukurasa alikuwa ameuandika mwenyewe, herufi kwa herufi, kwa hiyo alijua pa kugusa. Ilikuwa kazi ya amri moja fupi: kila kilichoandikwa kwa Giyanto kihamie kwa Darsono, siku kwa siku. Aliisoma mara mbili kama fundi mwenye uoga wa umeme. Akabonyeza.

Safu ya Giyanto ikawa sifuri hadi chini. Kwenye safu yake mwenyewe mstari ule uliolala ukainuka wote kwa pamoja, ukuta mmoja mrefu wa miezi mitano, na juu yake jumla: sigara elfu mbili mia moja na tatu.

Hazikupita dakika kumi. Ilikuwa saa ya chai kiwandani Batam.

"Baba!" Ratri alikuwa anapiga kelele juu ya kelele za wenzake. "Baba, ukurasa wako umeharibika. Umechanganya, umejaza sigara za watu kwako."

"Haujaharibika."

"Umeharibika, niamini, nimeufungua mara tatu. Unaonyesha kumi na nne kila siku. Tangu ule mwezi wa…" Darsono akasikia kengele ya kule, viti vikiburutwa, wasichana wakiitana kurudi kazini. Hakusikia hatua za Ratri zikiondoka.

"Rekebisha basi, Baba," alisema hatimaye, polepole, kama anayeomba.

"Nimesharekebisha, mwanangu."